Kosa Mnaloliita Nassoro

Siku mliyoniaga, Zuhura wa pampu namba mbili aliniambia, "Mzee Eliya, andika basi hata kurasa chache, usiondoke na kila kitu kichwani." Nikamjibu kichwani mwenyewe hamna mengi, mkacheka, nikadhani yameisha. Lakini nimekaa nyumbani Vingunguti miezi mitatu sasa, na kila nikishika kazi ya mikono nawaza pampu. Nimenunua daftari. Sikusoma zaidi ya darasa la saba, na huenda mambo mengine nimeyapanga vibaya au nimeyakumbuka kwa kujipendelea. Penye makosa mkosoe. Jambo moja tu naomba mniamini, kwa sababu nilikuwepo na mkono wangu ulikuwepo: lile kosa ambalo yadi nzima mnaliita "kufanya Nassoro" halikuwa la Nassoro. Nitafika huko. Nikianza na hilo peke yake hamtaelewa alikuwa mtu wa namna gani, na wengi wenu hamkumkuta.

Niliingia yadi yetu ya Temeke nikitokea Njombe, nimevaa koti zito ambalo nililivua saa tatu asubuhi na sijui mpaka leo liliishia wapi. Nilichukuliwa kibarua wa kubeba mifuko ya saruji. Fundi wa pampu alikuwa Nassoro, mtu wa ukoo wa Kiarabu wenye duka la vitambaa hapohapo Temeke tangu enzi za babu zao. Kaka zake walikaa dukani. Yeye alisema duka linamsinzisha. Ijumaa alibeba kanzu safi kwenye mfuko kwa ajili ya msikiti, na siku zote alivaa ovaroli iliyoshika saruji hadi ungeweza kuisimamisha chini bila mtu ndani.

"Unatoka wapi, bwana mdogo?" aliniuliza.

"Shikamoo. Njombe."

"Marahaba. Njombe! Huko kwenu uji wa saruji unaganda wenyewe kwa baridi. Hapa jua litakugandisha wewe. Hesabu unajua?"

"Za darasa la saba."

"Zinatosha. Pampu yenyewe haikufika la nne."

Mwezi wa pili akanitoa kwenye mifuko, akaniweka karibu naye. Sijui aliona nini kwangu. Labda aliona tu kwamba mimi siogopi kelele.

Kama daftari hili litaokotwa na mgeni, aelewe hivi. Grauti ni uji wa saruji na maji. Tunausukuma kwa pampu kupitia mpira mrefu mpaka kwenye tundu lililotobolewa ukutani au ardhini, ukajaze mapengo yasiyoonekana kwa macho. Swali la kazi yote ni moja: usukume kwa nguvu kiasi gani? Ukisukuma kidogo, uji haufiki, unaganda njiani, na mpira ulioganda ni gogo, unautupa. Ukisukuma sana, unapasua kilekile ulichokuja kukitibu.

Nassoro hakuwa na kitabu. Alikuwa na kawaida zake, na mpaka leo sijaona zinazozishinda, ingawa mainjinia wana namna yao na wala sisemi ni mbaya. Kwanza alipima uji wenyewe. Mfuko mmoja wa saruji, ndoo kubwa moja ya maji na lita mbili juu yake, basi. Kisha uji ukamiminwa kwenye koni yenye tundu chini, tukahesabu unachukua muda gani kuisha. Yeye alihesabu kwa kuvuta uradi, mie nilihesabu kwa Baba Yetu. Majibu yakawa hayalingani, kila mmoja akidai dini ya mwenzake inakimbia. Mwishowe tukanunua saa.

Pili aliulisha mpira. Ndivyo alivyosema. Aliutandaza mpira wote chini, palipo sawa, urefu uleule utakaotumika, bila kupunguza hata kipande. Akaupitisha maji kuulainisha, kisha uji, mdomo wa mwisho ukiwa wazi ndani ya pipa, pampu ikienda mwendo wa kazi. Akasoma geji, kile kipimo cha presha. "Mdomo uko wazi," aliniambia, "hakuna kinachozuia. Sasa hiyo presha unayoiona inakwenda wapi?"

"Sijui, fundi."

"Mpira umeikula. Hiyo ndiyo sahani yake. Kila siku mpe sahani yake kwanza, ndipo ufikirie wageni."

Na mpira mwembamba ni mlafi. Mkibadilisha wa inchi moja na nusu mkaweka wa inchi moja, msiseme "tofauti ni nusu inchi tu, braza." Utakula mara kadhaa ya ule wa kwanza. Jua nalo likiupiga, uji unakuwa mzito, sahani inaongezeka. Kona nazo zinakula. Nimeona watu wanaukunja mpira kama mkeka halafu wanalaumu pampu.

Tatu ni kupanda na kushuka. Uji wetu ni mzito karibu mara mbili ya maji, kwa hiyo kila mita kumi za kupanda unaongeza presha ya baa mbili kasoro kidogo. Ukishuka, unaondoa hizohizo, kwa sababu uzito wa uji unakusaidia kusukuma. Mke wangu alinisikia siku moja nikisema kwenye simu "leo baa mbili hazitoshi," akaninunia mpaka nikamleta saiti akaiona geji. Mwisho unaongeza ile presha linayoihitaji tundu lenyewe, ambayo injinia ndiye anayeitaja. Jumlisha, toa, andika kwa chaki kwenye bati la pampu. Hesabu za darasa la saba kweli.

Lakini baada ya hesabu zote hizo, Nassoro alikwenda kukaa kwenye tundu, akaweka mkono juu ya mpira. Pampu yetu ilikuwa ya kupiga mapigo, na kila pigo lilifika mkononi. Uji ukipita vizuri, pigo ni laini, kama mtu anayemeza. Tundu likianza kujaa, pigo linakuwa fupi na gumu. Hapo alikuwa anagonga bomba kwa spana mara mbili, na aliyeko juu kwenye pampu anazima. "Uji ukikataa, zima," alikuwa akisema. Hakueleza kwa nini. Mie, kwa kuwa nilishaanza kujiona mtu wa hesabu, nilidhani ule mkono ni mazoea ya kizamani tu.

Sasa Kimara.

Ilikuwa kabla barabara haijapanuliwa. Mama mmoja mwalimu, Mwalimu Upendo, alikuwa na nyumba kwenye mteremko, na nyuma ya jiko ukuta wa mawe unaozuia udongo wa juu. Mvua zilikuwa zimekula nyuma ya ukuta, pamebaki mapengo. Gari halikuweza kushuka, kwa hiyo pampu ilikaa juu barabarani na mpira wa mita sitini ukateremka mpaka ukutani, mita tano chini yetu. Injinia alituambia vizuri, na nataka hilo lieleweke: tundu lisizidishiwe baa mbili. Akauliza pia, "Geji ya kwenye tundu iko wapi?" Ilikuwepo, ila ilikuwa imeziba kwa saruji. Kuisafisha ilikuwa kazi yangu. Nikamjibu tutaangalia ya juu.

Nikapiga hesabu yangu. Mpira umekula sita. Tundu linataka mbili. Tunashuka mita tano, natoa moja. Sita na mbili ni nane, toa moja, saba. Nikaandika 7 kwa chaki, kubwa, na nikaifunga pampu isipite hapo. Nassoro akaiangalia akasema, "Sawa." Na ilikuwa sawa. Mpaka leo nasema ile hesabu ilikuwa sawa, kwa uji unaotembea.

Ilikuwa Ijumaa. Ulipokaribia wakati wa swala, Nassoro alipanda kutoka chini, akachukua mfuko wenye kanzu, akasimama pembeni ya pampu.

"Eliya, zima mpaka nirudi."

"Sawa, fundi."

Nilizima. Nikamwangalia akivuka barabara mpaka akapotea nyuma ya maduka. Kisha nikaangalia pipa, uji ulikuwa zaidi ya nusu, na jua lile mnalijua. Nikawaza mita sitini za mpira zinazoganda. Nikaiangalia ile 7 yangu. Nikawasha.

Geji ikasimama kwenye saba, ikatulia palepale. Hiki ndicho nataka kila mmoja wenu akisome mara mbili. Geji haikunionya. Mapigo ya pampu yalianza kupungua, moja, kimya kirefu, jingine, nami nikasema uji umekuwa mzito kwa jua. Namba ilikuwa ileile niliyoiandika, nikajiona fundi. Kumbe tundu limejaa na uji umesimama. Mpira unakula pale tu uji unapopita. Ni kama mtoza ushuru sokoni: watu wakipita anachukua chake, wakisimama hana cha kuchukua. Zile sita za mpira zilikuwa hazina mlaji tena. Zote saba zilikwenda chini, na uzito wa kushuka ukaongeza moja. Ukuta ulioruhusiwa mbili ulikuwa unasukumwa na nane. Uji ukisimama, geji yangu ya juu haikutakiwa kuzidi moja.

Nilisikia kishindo, kisha sauti ya mama. Nilizima nikateremka mbio. Kipande cha ukuta, upana kama wa mlango wa gereji, kilikuwa kimelala kwenye banda la kuku la jirani, na uji wa kijivu unatiririka mpaka jikoni. Mwalimu Upendo alisimama kwenye mlango wa jiko na beseni la nguo kifuani. Alikuwa ametoka kuanua nguo kwenye kamba iliyopita mbele ya ukuta huo. Kamba yenyewe ilikuwa chini ya mawe.

"Nyie watu," alisema, sauti ndogo kabisa, "mmekuja kunijengea au kunizika?"

Nilianza kuondoa mawe kwenye banda. Kuku wanne walikufa. Mtu hakuumia, na hilo silihesabu kuwa sifa yangu.

Nassoro alirudi akiwa bado na kanzu nyeupe, akashuka moja kwa moja mpaka katikati ya uji. Aliangalia ukuta, akaangalia juu ilipo pampu, akaniangalia mimi. Msimamizi alifika baadaye kidogo, na wala simlaumu, aliuliza kama inavyotakiwa.

"Nani alikuwa kwenye pampu?"

Nikainama kuokota jiwe jingine.

"Nauliza, nani alikuwa kwenye pampu?"

"Pampu ni yangu," Nassoro akasema. "Andika mimi."

Akaandikwa. Wiki iliyofuata akaachishwa. Nami nikapewa pampu yake.

Mtasema nilikuwa na sababu. Nimezitafuta miaka yote hii na nimezipata nyingi, zote nzuri. Nilikuwa mgeni mjini, nilikuwa naogopa, yeye ana kaka wenye duka. Sina hata moja ninayoweza kuisoma kwa sauti.

Msemo ulianza kama mzaha. Mtu akiacha pampu inasukuma wakati uji umesimama, mwenzake anampigia kelele, "We, utafanya Nassoro!" Ukazoeleka. Waliokuja baadaye hawakujua hata kama ni jina la mtu, mmoja aliniuliza kama ni neno la Kihindi. Mie niliwafundisha nyote mambo ya mtoza ushuru, mkanisifu kwamba naeleza vizuri. Nilieleza vizuri kwa sababu nilikuwa nalijua kosa kutoka ndani. Nimekuwa nikifundisha kosa langu kwa jina la mwalimu wangu. Na kuna siku, saiti ya Mbagala, nilikuwa na haraka, kijana amesahau kushusha presha, nikajisikia nasema mimi mwenyewe, kwa mdomo huu: "Usinifanyie Nassoro hapa." Nilikwenda kukaa nyuma ya gari mpaka nikaweza kurudi.

Nawaambia ukweli mwingine: naikumbuka kazi kuliko nilivyotegemea. Si kelele wala vumbi. Nakumbuka lile pigo. Baada ya Nassoro kuondoka nilianza kukaa kwenye tundu na kuweka mkono mpirani kama yeye, na kila nilipoweka nilikuwa kama namsikiliza. Hapa nyumbani tuna mpira wa maji wa kumwagilia maua ya mke wangu. Nimeushika mara nyingi. Hauna kitu.

Siku mliyoniaga, katikati ya pilau, mmoja wenu alikuwa anasafisha pampu, mwingine akamwambia yale maneno. Zuhura akacheka. Nilikuwa nimeshika sahani, nikataka kusema, nikasema "asanteni kwa zawadi." Ndiyo maana wiki iliyopita nilikwenda kwenye lile duka la vitambaa Temeke. Kaka yake aliniambia Nassoro anaishi Chanika, analima mchicha.

Nilimkuta kati ya matuta, ana kipampu kidogo cha petroli kinachovuta maji kisimani. Amekonda. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya mpira.

"Shikamoo, fundi."

Aligeuka. "Marahaba. Njombe! Umezeeka vibaya."

"Na wewe, fundi."

"Mimi nimezeeka vizuri, muulize mke wangu." Akazima kipampu. "Maji hayana maneno. Yanapita tu, hayakwambii kitu."

Nikasema, "Nimekuja kwa ajili ya ukuta wa Kimara."

"Umechelewa."

"Najua."

"Sikulaumu, nahesabu tu. Ilikuwa Ijumaa. Nilikungoja Jumatatu. Jumanne nikasema labda anaumwa. Jumatano nikapita yadi nikakuona unapakia mifuko, mzima wa afya."

"Sasa kwa nini ulisema andika mimi?"

"Fundi ndiye anayejibu mbele ya wageni. Hiyo ndiyo kazi. Halafu aliyefanya anakwenda ofisini mwenyewe, kwa miguu yake. Hiyo nayo ndiyo kazi. Mie nilifanya yangu."

Nilimwomba msamaha. Alisema alishanisamehe zamani, kwa ajili ya moyo wake, si kwa ajili yangu. Kisha akasema, na ameniagiza niliandike, kwamba na yeye aliondoka kwenye tundu bila kufunga vali ya chini, ile koki ya kwenye tundu. "Ningeifunga, ungesukuma mpaka Krismasi, ukuta usingejua. Hilo ni langu. Liandike, lakini lisilizidi lako." Nimeliandika, na naona amelipima sawasawa.

Mkewe alituletea chai. Nilimwambia Nassoro kuhusu nyie, pampu mpya, geji mbili kila saiti, na kwamba fundi bora sasa ni mwanamke. Alifurahi sana kwa hilo. Nikamwambia aje siku moja aone.

Akaweka kikombe chini. "Nilishakuja."

"Lini?"

"Kama miaka miwili. Kazi sikutaka, kwa umri huu? Nilitaka kushika mpira mara moja tu, uji ukipita. Nimefika getini, ndani kijana anamfokea mwenzake, 'Zima, utafanya Nassoro!' Wakacheka. Mlinzi akaniuliza, 'Mzee, niandike jina gani?' Nikamwambia nimepotea njia."

Siku hiyo nilikuwepo ndani. Lazima nilikuwepo, sikuwa nakosa kazini. Labda nilicheka na mimi, sikumbuki.

Nilimwomba aje tena, nitamfuata mwenyewe mpaka Chanika. Alikataa, akafikiri, akasema: "Nitakuja wakishajua. Si kabla." Hakutaja siku, wala sikumbana.

Kwa hiyo hizi kurasa si za kuwekwa kabatini. Zuhura, wasomee wote, taratibu, na wale wa zamu ya mchana pia. Wakiuliza sasa lile kosa waliite nani, jina langu wanalijua. Msomee na mlinzi wa getini, yeye hasa, umwambie akija mzee mwembamba wa Chanika asimuulize kitu, amfungulie. Ukimaliza nipigie. Siku hizi nakaa barazani na simu mkononi.